Bendera Yako, Bibi Harusi: Somo Kutoka Mwanza Hadi Kwenye Doti ya Kanga



Siku hizi maharusi wengi wanapenda kuwa na alama yao wenyewe: rangi mbili tatu, herufi za majina, pengine ua au mwezi, vinatiwa kwenye kadi, kwenye keki na ukumbini. Ni kama bendera ya nyumba mpya. Jambo zuri, ila si geni. Tuangalie historia kidogo.

Tuanze ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ukiwa Mwanza, bendera ya Taifa unaisoma kwa macho. Kijani ni ardhi na mimea, yakiwemo mashamba ya pamba ya Usukuma. Manjano ni madini, na dhahabu ya Geita iko ng'ambo ya ghuba. Nyeusi ni watu. Buluu ni maji, na mbele yako liko ziwa ambalo karibu nusu yake ni ya Tanzania.

Lakini buluu hiyo ilitoka kwetu visiwani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru na bendera ya kijani, nyeusi na manjano, iliyotokana na rangi za TANU. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani za Afro-Shirazi. Tukaungana tarehe 26 Aprili 1964, na mwaka huohuo rangi zikakaa pamoja kwenye kitambaa kimoja. Kila upande ulileta chake. Si ndivyo ndoa ilivyo?

Na rangi hugharimu. Kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku TANU huko Usukuma. Watu wakajipanga kupitia ushirika wa pamba, ambao vyama vyake viliunganishwa 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1958 maelfu walitoka Geita wakaenda Mwanza kupinga baraza walilolazimishwa. Kwa watu hao kijani na nyeusi havikuwa mapambo. Vilisema wao ni nani, katika siku ambazo kulisema hilo kulikuwa na hatari.

Sasa turudi kwa bibi zetu. Wao walikuwa na bendera zao: kanga. Tangu mwisho wa karne ya 19, wanawake wa pwani walitoka kwenye merikani na kaniki, wakaunganisha leso, wakafikia kitambaa chenye sehemu tatu. Pindo huzunguka pande zote, mji uko katikati, na jina ndilo neno lililoandikwa. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Biharusi ana kisutu chake, chekundu, cheusi na cheupe, ambacho hakijapitwa na wakati mpaka leo. Baada ya Uhuru pamba ya Kanda ya Ziwa ilifumwa nyumbani pia, kwenye kiwanda cha Mwatex, Mwanza.

Basi ukitaka bendera yako, fuata njia hiyohiyo. Pindo liwe mipaka yako: mambo ambayo wewe na mumeo hamtayavuka. Mji uwe kile mnachokijenga, alama moja tu, iwe karafuu, dau au sangara, lakini itoke mlikotoka. Rangi zisizidi tatu, na kila mmoja wenu alete angalau moja, ajue kuieleza bila kusoma karatasi. Rangi msiyoweza kuieleza, iacheni.

Jina ndilo zito zaidi, maana kanga husema wewe ukiwa umenyamaza. Wengi tumeona doti moja yenye fumbo kwa wifi au mama mkwe ikizua ugomvi wa miaka. Siku ya harusi si siku ya kumpiga mtu kijembe. Andika dua, shukrani au ahadi, kama ile kanga isemayo wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu. Niya ikiwa safi, neno halitakuaibisha watoto wako watakapolisoma.

Allah awajaalie ndoa zenye baraka na mapenzi. Amin.