Unalipia Mvinyo au Jina? Fahamu Shampeni, Crémant na Maeneo ya Ufaransa ya Kutembelea

MC akitangaza "sasa tunafungua shampeni", ukumbi mzima unasimama, simu zinatolewa, kizibo kinaruka. Ila ukiisoma lebo ya ile chupa, mara nyingi utakuta ni juisi ya zabibu yenye gesi, au mvinyo wa mapovu kutoka nchi nyingine kabisa.

Hakuna ubaya, sherehe ni sherehe. Tatizo linaanza pale unapotoa hela ya shampeni ukaletewa kitu kingine. Au pale unapolipia jina, wakati chupa iliyo pembeni yake imetengenezwa kwa njia ileile na inauzwa nusu ya bei.

Kama unapenda mvinyo wa aina hii, au una mpango wa kufika Ufaransa, haya ni mambo ya kujua kabla ya kufungua pochi.

Jina lina mipaka

Shampeni ni mvinyo wa mapovu uliotengenezwa ndani ya eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kwa zabibu zilizolimwa humohumo. Eneo hilo lina takriban hekta 34,000 za mizabibu. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mtengenezaji wa sehemu nyingine haruhusiwi hata kuandika kwenye lebo kwamba ametumia "njia ya Champagne". Anaandika méthode traditionnelle, yaani njia ya jadi.

Mipaka hiyo haikuja kirahisi. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walichoka kuona wafanyabiashara wakiingiza zabibu na mvinyo wa bei ya chini kutoka mikoa mingine na kuuza kwa jina lao. Walivunja mapipa, wakamwaga mvinyo barabarani, na katika mji wa Aÿ majengo ya wafanyabiashara yakachomwa moto. Serikali ikapeleka jeshi. Sheria ya mwaka 1927 ndiyo iliyokuja kuweka bayana ni mashamba gani yamo na yapi hayamo.

Mapovu yanaingiaje kwenye chupa?

Hapa ndipo bei inapopatikana, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza unatengenezwa mvinyo wa kawaida, mkavu na mchachu kiasi. Zabibu kuu ni tatu: Chardonnay, ambayo ni nyeupe, halafu Pinot Noir na Meunier, ambazo ni nyeusi. Ndiyo, zabibu nyeusi zinatoa mvinyo mweupe, kwa sababu rangi iko kwenye ganda na juisi inakamuliwa haraka kabla haijapata rangi. Ukiona blanc de blancs kwenye lebo, ujue ni zabibu nyeupe tupu. Blanc de noirs ni nyeusi tupu.

Baada ya hapo mvinyo wa mashamba tofauti, na mara nyingi wa miaka tofauti, unachanganywa. Unatiwa kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, kisha chupa inafungwa. Hamira inakula sukari na kutoa gesi. Gesi haina pa kwenda, inabaki ndani ya mvinyo. Msukumo unaofika humo ni kama bar 6, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndo maana chupa zake ni nene na nzito.

Chupa inalala gizani huku hamira iliyokufa ikiacha mashapo yanayoupa mvinyo ile ladha ya mkate. Kisheria, shampeni ya kawaida haiuzwi kabla ya miezi 15 tangu itiwe kwenye chupa. Yenye mwaka mmoja ulioandikwa kwenye lebo inasubiri angalau miaka mitatu.

Kuyatoa mashapo bila kupoteza gesi kulikuwa kichwa kuuma. Barbe-Nicole Clicquot alifiwa na mume mwaka 1805 akiwa na miaka 27, akaichukua biashara mwenyewe. Kampuni yake ndiyo inayotajwa kuanzisha njia ya kupanga chupa kichwa chini kwenye ubao wenye matundu na kuzizungusha kidogo kidogo hadi uchafu wote ukusanyike shingoni. Siku hizi shingo inagandishwa, chupa inafunguliwa, kipande cha barafu chenye mashapo kinaruka nje, na pengo linajazwa mvinyo wenye sukari kidogo.

Na yule mtawa Dom Pérignon? Hakuvumbua mapovu. Kwenye zama zake, karne ya 17, mapovu yalionekana ni kasoro inayopasua chupa. Sifa yake ya kweli ni ustadi wa kuchanganya zabibu. Huko London, mwaka 1662, daktari Christopher Merret alikuwa tayari ameeleza jinsi wauzaji wa mvinyo wanavyoongeza sukari ili mvinyo utoe povu. Waingereza hawachoki kuwakumbusha Wafaransa jambo hilo.

Soma lebo, usidanganywe na neno "dry"

Wengi wanakosea hapa. "Extra dry" inasikika kama ndiyo kavu kuliko zote, kumbe ni tamu kuliko "brut". Kwa lita moja, brut nature ina sukari chini ya gramu 3, extra brut haizidi 6, brut iko chini ya 12, extra dry ni 12 hadi 17, sec 17 hadi 32, na demi-sec 32 hadi 50. Kama wewe ni mtu wa vitu vitamu, au unakunywa na keki, tafuta demi-sec. Brut na keki ya harusi haviendani kabisa, mvinyo unageuka kuwa mchungu mdomoni.

Kwenye shampeni kuna pia herufi mbili ndogo sana, karibu na namba ya usajili. NM maana yake kampuni inayonunua zabibu kwa wakulima, na majina makubwa mengi yako hapo. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe. Kwa maoni yangu RM ndo pa kuanzia ukiwa Ufaransa: bei poa, na mara nyingi anayekumiminia ni mwenye shamba.

Crémant: njia ileile, bei nyingine

Nje ya Champagne, maeneo manane ya Ufaransa yanatengeneza crémant: Alsace, Loire, Bourgogne, Bordeaux, Limoux, Jura, Savoie na Die. Zabibu zinachumwa kwa mkono, mapovu yanatokea ndani ya chupa, na mvinyo unakaa na mashapo angalau miezi 9. Kwenye maduka ya Ufaransa crémant nzuri huuzwa euro 8 hadi 15, wakati shampeni huanzia euro 20 hivi na majina maarufu yanavuka 40. Tofauti ya ladha ipo, siwezi kukataa. Udongo wa chaki, baridi na muda mrefu wa kusubiri vina mchango wake. Lakini kwa meza ya watu kumi, mimi ningechukua crémant bila kujiuliza mara mbili.

Ukifika Champagne

Kutoka Paris, treni ya kasi inaondoka kituo cha Gare de l'Est na kufika Reims kwa dakika 45 hivi. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Reims kuna kanisa kuu ambalo wafalme wengi wa Ufaransa walitawazwa. Ila cha kushangaza zaidi kiko chini ya miguu yako. Ni machimbo ya mawe ya chaki, mengine ya tangu enzi za Warumi, ambayo leo yamejaa chupa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakazi walijificha humo mabomu yakinyesha juu, na watoto wakasomea humohumo. Beba sweta hata kama ni Julai, kwa sababu chini kuna nyuzi 10 hadi 12 tu.

Épernay ni mwendo wa nusu saa kwa treni kutoka Reims. Mtaa wake wa Avenue de Champagne umepangwa majumba ya makampuni makubwa, na mwaka 2015 UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na vilima vya mizabibu na maghala ya chini ya ardhi. Kilomita chache kutoka hapo ni kijiji cha Hautvillers, alikozikwa Dom Pérignon.

Weka nafasi mapema mtandaoni. Ziara ya kampuni kubwa pamoja na glasi moja au mbili mara nyingi ni euro 25 na kuendelea. Kwa wakulima wadogo ni nafuu, lakini usiibuke tu mlangoni, piga simu kwanza. Kutema mvinyo kwenye ndoo wakati wa kuonja sio utovu wa adabu, ndivyo wataalamu wanavyofanya. Kama unaendesha gari itakusaidia, maana kiwango cha juu cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya.

Mavuno huwa mwishoni mwa Agosti na Septemba. Mashamba yanapendeza kwa picha, ila kuna upande ambao tangazo halikuonyeshi. Zabibu za Champagne lazima zichumwe kwa mkono, hivyo makumi ya maelfu ya vibarua wanahitajika kwa wiki chache tu. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Katika mavuno ya 2023, vibarua zaidi ya 50, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, walikuwa wamewekwa kwenye makazi machafu na kufanyishwa kazi kwa hali mbaya. Ukimtembelea mkulima, muulize nani anamvunia na wanalala wapi. Mwenye jibu safi hatakasirika.

Maeneo mengine yasiyo na foleni

Alsace ndiyo inayoongoza kwa crémant. Ina barabara ya mvinyo ya kilomita 170, iliyoanzishwa 1953, inayopita vijiji vya nyumba za mbao za rangi rangi karibu na Colmar.

Saumur, kwenye bonde la mto Loire, ina maghala yaliyochongwa ndani ya mwamba mweupe uleule uliojenga kasri za huko. Zabibu yake kuu ni Chenin Blanc.

Kusini, karibu na Carcassonne, kuna Limoux. Wenyeji wanakuambia watawa wa abasia ya Saint-Hilaire walikuwa na mvinyo wa mapovu tangu 1531, kabla hata Dom Pérignon hajazaliwa. Na asiyependa ukali wa pombe aende Die, kwenye bonde la mto Drôme, aonje Clairette de Die: tamu, inanukia zabibu ya muscat, na kilevi chake ni asilimia 7 hadi 9 tu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukikataliwa.

Namna ya kufungua na kunywa

Weka chupa kwenye ndoo ya barafu na maji kwa nusu saa, sio barafu peke yake. Ilenge mbali na uso wa mtu. Fungua waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, kisha shika kizibo na uzungushe chupa, sio kizibo. Sauti nzuri ni pumzi ndogo, sio mlipuko. Ule mlipuko wa ukumbini unamwaga hela sakafuni.

Glasi yenye tumbo kidogo inatoa harufu vizuri kuliko ile nyembamba kama mrija. Chupa ya sentilita 75 inatosha glasi sita.

Ukibeba chupa ya kurudi nayo, isiingie kwenye begi la mkononi, itachukuliwa uwanjani. Izungushie nguo, uiweke katikati ya begi kubwa, na uangalie kabla ya safari forodha ya nchi yako inaruhusu kiasi gani cha pombe bila ushuru.