Kioo, ganda lake na terili ya Lubumbashi

Leo nataka tuongee juu ya namba moja ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye silabusi ya fizikia, tukaihesabu siku ya mtihani, kiisha tukaiacha palepale: endisi ya refraksio. Kwa maji ni 1,33. Kwa kioo cha kawaida ni karibu 1,5. Inatuambia mwanga unapunguza mwendo mara ngapi ukiingia ndani ya kitu. Kwenye utupu unakimbia karibu kilometa 300 000 kwa sekunde. Ndani ya fibra ya leo unabaki na karibu 204 000.

Lakini namba hii iko na kazi ingine, na ile kazi njo inabeba mega zote tunazonunua. Mwanga ukitoka kwenye kitu cha endisi kubwa kwenda kwenye kitu cha endisi ndogo, unapinda. Ukija kwa kulala sana, hautoki hata kidogo: unarudishwa wote ndani. Kwa maji na hewa mpaka ule ni digrii karibu 48,6, ukipima kuanzia mstari uliosimama juu ya uso wa maji. Sheria yenyewe tunaiita ya Snell na Descartes. Snellius aliipata mwaka 1621 kule Uholanzi, Descartes akaichapisha 1637. Ila Ibn Sahl, mwanahesabu wa Baghdad, alikuwa ameshaitumia kwenye maandiko yake karibu mwaka 984. Tukumbuke ile pia, juu sifa mara nyingi inaenda kwa yule aliyesikika.

Mwaka 1841, kule Geneva, Daniel Colladon alitoboa tanki la maji, akaangaza mwanga kutoka upande wa nyuma, na watu wakaona ajabu: mwanga unafuata maji yakijipinda kuanguka. Mwaka 1854 John Tyndall alionyesha jambo lile lile London, na kwa miaka mingi vitabu vikampa yeye sifa. Kwa hiyo katikati ya karne ya 19 watu walijua tayari kwamba mwanga unaweza kufuata njia yenye kupinda. Swali langu la leo ni hili: juu ya nini ilipita zaidi ya miaka 100 mbele ya kupata fibra ya kweli?

Wengi watajibu: hakukukuwa na laser. Ni kweli nusu. Mimi naona sababu ya kwanza ilikuwa ingine: watu wote waliangalia kile kilicho ndani, hakuna aliyeangalia kile kilicho nje.

Tumwangalie Heinrich Lamm. Mwaka 1930 alikuwa mwanafunzi wa udaktari kule Munich. Alifunga nyuzi za kioo pamoja, akapitisha picha ya waya wa taa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Shabaha yake ilikuwa kuona ndani ya mwili wa mgonjwa. Picha ilipita, lakini mbaya. Nyuzi zake zilikuwa uchi: nje yake kulikuwa hewa tu. Kwa hesabu hewa ni nzuri sana, endisi yake ni karibu 1, tofauti na kioo ni kubwa. Lakini kwa kazi, haifai. Uzi ukigusa uzi mwenzake, pale wanapogusana hewa haiko tena, mwanga unahama. Ukiushika na kidole chenye mafuta, mwanga unatoka. Kwa kweli, hata pale mwanga unaporudishwa, sehemu ndogo ya wimbi lake inachungulia nje kidogo mbele ya kurudi. Kwa hiyo ule uso wa nje lazima uwe safi na ulindwe.

Jibu lilikuja mwaka 1951. Brian O'Brien, Mwamerika, alimshauri Abraham van Heel wa Uholanzi avike nyuzi zake kitu chenye endisi ndogo kuliko kioo cha ndani. Van Heel akachapisha kazi yake mwaka 1954. Mwisho wa 1956, kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, Lawrence Curtiss, ambaye alikuwa bado mwanafunzi, aliingiza fimbo ya kioo cha endisi kubwa ndani ya bomba la kioo cha endisi ndogo, akayayusha pamoja na kuvuta uzi mmoja. Kiini na ganda, vyote kioo. Mwaka uliofuata, daktari Basil Hirschowitz alitumia chombo cha nyuzi zile kuangalia ndani ya tumbo la mgonjwa. Ndoto ya Lamm ilitimia, miaka 27 baadaye.

Kwa simu, hata hivyo, kioo kile kilikuwa bado kibaya. Ukipitisha mwanga ndani yake, baada ya karibu metre 20 unabaki na asilimia 1 tu. Mwaka 1966, kwenye maabara moja ya Harlow, Uingereza, Charles Kao, mwenye miaka 32, pamoja na George Hockham, waliandika kwamba tatizo si kioo chenyewe, ni uchafu ulio ndani yake, zaidi sana chuma. Wakaweka kipimo: tukifika kubakiza asilimia 1 baada ya kilometa 1, tutaongea kwa mwanga. Wengi hawakuamini. Kao alipewa Nobeli mwaka 2009.

Hapa endisi inarudi na kuleta shida mpya. Kioo safi kuliko vyote ni silika, lakini endisi yake ni ndogo kati ya vioo, karibu 1,44 kwa mwanga wa fibra. Ukitengeneza kiini cha silika safi, ganda utalitoa wapi? Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wa kampuni ya Corning kule Marekani, waligeuza swali: silika safi iwe ganda, na kiini tukiongezee kitu kidogo cha kupandisha endisi. Mwaka 1970 waliweka titaniumu, wakapita kipimo cha Kao. Lakini fibra ile ilikuwa inavunjika ovyo. Mwaka 1972 wakabadilisha na jermaniumu, na ile njo inatumika mpaka leo. Leo asilimia 1 inabaki baada ya kilometa 100.

Mnajua jermaniumu inapandisha endisi ya kiini kwa kiasi gani? Kwa fibra ya masafa marefu, chini ya asilimia 1. Karibu 0,36 tu! Mtu atauliza: si afazali tofauti ikuwe kubwa, mwanga ushikwe vizuri? Apana. Tofauti ikiwa kubwa na kiini kikiwa kinene, mwanga unapata njia nyingi, zingine fupi, zingine zenye kuzunguka. Ujumbe uliotumwa mara moja unafika kwa vipande na kugongana na ule unaofuata. Tofauti ndogo, na kiini chembamba cha maikrometa 8 au 9, vinaacha njia moja tu. Kwa hiyo kipimo cha jermaniumu si cha kubahatisha, mtu alikihesabu.

Na sasa tuko nyumbani. Madini ya Kipushi, shaba na zinki, yalikuwa na jermaniumu ndani. Yalichomwa Lubumbashi, na mabaki yake yakamwagwa kwenye terili ile nyeusi tunayoionaka kando ya chimenea. Mwaka 2024 konsantre ya kwanza ya jermaniumu kutoka terili ile ilienda Ubelgiji. Maana yake, kitu kile kile wazazi wetu waliita takataka, njo kinaweza kurudi kwetu ndani ya kabla, kimeshabeba ujumbe wetu.

Sisemi hivi ili tujivune. Sisi ni watu wa kujivuna na udongo wetu, ndani ya hotuba na ndani ya bia. Nasema hivi kwa sababu historia hii inaonyesha bei inapozaliwa. Jermaniumu ilikuwa chini ya Kipushi siku zote, na haikuongoza mwanga wowote. Kwa kazi ya mwanga, ilianza kuwa na maana siku watu walielewa sentensi moja: tofauti ndogo kati ya kiini na ganda inatosha. Ile sentensi iko kwenye silabusi yetu. Curtiss aliitumia akiwa mwanafunzi kama sisi, kwa fimbo na bomba na moto.

Kwa hiyo, wewe uliye mwaka wa pili, usome endisi tena, lakini si kwa mtihani. Terili iko pale. Kinachokosa bado ni sisi kujua kuitoa ndani yake kioo, badala ya kuipakia tu kwenye lori.