Soya Nyeusi

Bibi akichambua maharage kwenye ungo, yale ya rangi isiyofanana na mengine huyasukuma pembeni. Nilikua nikidhani pembeni ndiko mwisho wa safari. Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nilikutana na mbegu iliyonirudisha kwenye ungo ule.

Inaitwa Peking. Ilifika Marekani kutoka China mwaka 1906, katika mizigo ya Frank Meyer, aliyeajiriwa na serikali kutafuta mimea ugenini. Ni soya ndogo, nyeusi. Soko la mafuta lilipendelea ya njano, kwa hiyo Peking haikupata nafasi kubwa.

Mwaka 1954, huko North Carolina, waligunduliwa minyoo wadogo mno wanaonyonya mizizi ya soya hadi mmea unadumaa na kugeuka manjano. Watafiti wakazipima mbegu za akiba kwa wingi. Miongoni mwa chache zilizohimili ilikuwemo Peking.

Kuirithisha sifa hiyo ndiko kulikokuwa na kazi. Mwaka 1960 Caldwell, Brim na Ross walieleza jeni tatu fifi za ukinzani. Jeni fifi haijitokezi mpaka mche uipate kwa baba na kwa mama. Mwaka 1965 Matson na Williams wakaongeza ya nne, jeni tawala, inayokaa jirani kabisa na jeni ya rangi ya mbegu. Majirani hao huwa wanarithiwa pamoja: ukichagua njano, mara nyingi umeuacha ukinzani, ukiung'ang'ania ukinzani, unavuna nyeusi. Ilibidi kupanda kizazi baada ya kizazi, kutafuta mche adimu ambamo kromosomu imekatika na kuungana upya katikati ya jeni hizo mbili. Humo zikatoka soya za njano zenye ukinzani, mojawapo Pickett.

Lakini minyoo nao hurithishana. Baada ya muda walionekana wanaoiweza Pickett, na watafiti wakarudi tena kwenye akiba.

Meyer alikufa maji mwaka 1918 katika mto Yangtze, na jina lake limeandikwa. La mkulima aliyeitunza soya nyeusi, msimu hata msimu, sijaliona.

Likizo iliyopita nilimwomba bibi maharage ya pembeni. Akaniuliza nayapeleka wapi. Nikamwambia, kuyapanda. Akanifungia kwenye pindo la khanga, kila rangi fundo lake.