Kutoka kwa ababari hadi kidonda kisichopona

Mwaka 1985 jarida la upasuaji la Marekani, Annals of Plastic Surgery, lilichapisha makala kuhusu ababari emetwe, wapasuaji wa vichwa wa Abagusii wa magharibi mwa Kenya. Mtu aliyewahi kupigwa kichwani, kisha kichwa kikakataa kuacha kumuuma, alipelekwa kwa mmoja wao, omobari. Huyo alichana ngozi, akakwaruza mfupa wa fuvu, akafunga jeraha. Wengi waliopasuliwa waliishi miaka mingi na kovu lao: jeraha lilikuwa limepona.

Mwaka uliofuata, huko Boston, daktari Harold Dvorak aliandika kuhusu kidonda kisichopona. Alimaanisha saratani. Mtu akijikata, seli nyeupe za damu hukimbilia pale, mishipa mipya huchipuka, mahali panavimba na kupata joto. Huo ndio mchochota, nao hutulia jeraha likifunga. Kwenye saratani kazi hiyo huanza na haimaliziki.

Rudolf Virchow wa Berlin alishaushuku uhusiano huu wa mchochota na saratani mwaka 1863. Naye Stephen Paget wa London, baada ya kupitia rekodi za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, alisema mwaka 1889 kwamba seli zake ni mbegu: husambaa kote, lakini huota kwenye udongo unaozifaa tu.

Nani hulima udongo huo? Jibu mojawapo lilipatikana mwaka 2018, katika maabara ya Mikala Egeblad, Cold Spring Harbor, New York. Seli za saratani ya matiti zilikuwa zimelala kwenye mapafu ya panya. Watafiti walipoyachokoza mapafu kwa moshi wa sigara, seli nyeupe zilirusha nyavu za DNA zenye vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo vilikata protini iitwayo laminini, na laminini iliyokatwa ikaziamsha seli zilizolala. Msomaji wa Keroka, huko Gusii, atawaza moshi wa kuni jikoni. Asiharakishe: ule ulikuwa moshi wa sigara, tena kwa panya.

Asikimbilie tembe pia. Aspirini hupunguza mchochota, na wengi waliiwekea matumaini. Mwaka 2024 matokeo ya jaribio la wagonjwa 3,020 wa saratani ya matiti yalichapishwa: aspirini haikuzuia ugonjwa kurudi.

Kwa hivyo mama wa Nyamira au Ogembo, ukipapasa titi ukakuta uvimbe, usingoje uanze kuuma. Mara nyingi uvimbe wa saratani ya matiti hauumi mwanzoni. Nenda hospitali ukapimwe wiki hii.