“Balimuua” si sawa na “they killed him”: kutenda na kutendwa katika Kiingereza

Wakaaji wengi wa Ituri wanakutana na Kiingereza siku ya jambo kubwa. Mkimbizi aliyevuka Ziwa Albert anajieleza kwa Kiswahili, na kule Uganda maneno yake yanaandikwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi wa shirika mjini Bunia anaombwa ripoti juu ya shambulio. Mfanyabiashara wa Mahagi au Aru anaandika barua juu ya mzigo uliopotea. Katika maandishi hayo yote kuna swali moja: nani alifanya? Kiingereza kinaweza kumtaja mtendaji ao kumwacha, na kuchagua vibaya kunaweza kuleta matata.

Namna sentensi inavyojengwa

Katika kauli ya kutenda, anayefanya anatangulia: “Armed men burned the house”, watu wenye silaha walichoma nyumba. Kauli ya kutendwa inaanza na kile kilichopatwa: “The house was burned”, nyumba ilichomwa.

Kiswahili kinaingiza -w- ndani ya kitenzi: choma, chomwa, piga, pigwa. Kiingereza kinatumia kitenzi “be” pamoja na umbo la tatu la kitenzi, lile wanafunzi wanalokariri: write, wrote, written. Wakati unabebwa na “be”. “Is written” ni ya sasa, “was written” ni ya zamani, “will be written” ni ya kesho. Mtendaji akitajwa, anakuja nyuma ya “by”, sawa vile Kiswahili kinavyotumia “na”: ilichomwa na watu wenye silaha.

Mtego wa “they”

Kiswahili kinachosemwa Bunia hakipendi sana ile -w-. Mtu akikutwa amekufa njiani, mara nyingi jirani hatasema “aliuawa”. Atasema “balimuua”. Hiyo “ba” si kundi fulani. Ni watu tu, wasiojulikana, kama “on” ya Kifaransa. Msikilizaji wa Bunia anaelewa bila kuuliza.

Msomaji wa Kiingereza haelewi hivyo. Akiona “They killed him”, anarudi nyuma kutafuta hao “they” ni nani, na anashika watu wa mwisho waliotajwa. Kama sentensi iliyotangulia ilitaja kabila, kijiji ao kikosi, lawama inawaangukia wao. Maneno ya mtu ambaye hakumwona muuaji yanageuka mashitaka juu ya jamii nzima. Na siku anapoulizwa tena, akajibu kwamba hakuwaona, anaonekana kama amebadilisha maneno yake.

Kama mtendaji hajulikani, sentensi salama ni “He was killed”. Inasema kile kinachojulikana, basi.

Bogoro mbele ya majaji

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika kesi za Bogoro, kijiji cha wilaya ya Irumu kwenye barabara ya Kasenyi, kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwamba watu waliuawa Bogoro, majaji walikubali. Kazi ngumu ilikuwa kuonyesha nani anabeba jukumu.

Tarehe 18 Desemba 2012, Mathieu Ngudjolo Chui aliachiwa juu ya ushahidi kutotosha, na majaji walieleza kwamba uamuzi huo haukanushi uhalifu uliotendeka kijijini. Tarehe 7 Machi 2014, Germain Katanga alipatikana na hatia kama msaidizi katika uhalifu huo huo, na baadaye akahukumiwa miaka 12. Sentensi ya kutendwa ilisimama katika kesi zote mbili. Ile ya kutenda, yenye jina la mtu mbele, ilihitaji ushahidi wake yenyewe.

Wakati wa kumtaja mtendaji

Hata hivyo, kutendwa kunaweza kuwa maficho. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika makala yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha, alishauri watu watumie kauli ya kutenda kila inapowezekana. Sababu inaeleweka. Ripoti ikisema “The money was spent”, pesa zilitumika, hakuna anayejua zilipitia mkono wa nani. Kama mtendaji anajulikana na kuna uhakika, atajwe.

Lakini kutenda peke yake hakuleti ukweli. “He died”, alikufa, ni kauli ya kutenda, na inaficha risasi kabisa. Mtu aliyepigwa risasi hakufa tu: “He was shot”.

Makosa ya kila siku

Waliosoma kwa Kifaransa wanaandika “he was arrived” ao “he was died”, juu ya “il est arrivé” na “il est mort”. Kiingereza kinakataa. Vitenzi kama arrive, die na happen havina kutendwa: ni “he arrived”, “he died”, “it happened”.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinasaidia pale Kifaransa kinapokwama. “I was given two sacks” inashangaza mwenye kufikiri kwa Kifaransa, lakini ni ile ile “nilipewa mifuko miwili”. Vilevile “I was told” ni “niliambiwa”.

Kabla ya kutia sahihi kwenye maelezo yaliyotafsiriwa, ni vizuri mtu aombe yasomwe tena kwa Kiswahili, polepole. Kila panapotokea “they”, aulize: hao ni nani? Kama hakuwaona, irekebishwe kuwa “was”. Kama aliwaona na anawajua, aseme ni akina nani.