Malisho yakikauka, je, Serikali humlipa mfugaji?

Mvua za vuli zikikosekana, wasikilizaji wetu wa Korogwe na Handeni hutuuliza swali moja: nyasi zimeisha, ng'ombe wanaanguka, je, kuna fidia? Jibu fupi ni kwamba Tanzania haina mpango wa kudumu wa kumlipa mfugaji kwa malisho yaliyokauka. Tunaeleza kilichopo, ili mtu asisubiri pesa isiyokuja huku mifugo yake inakonda.

Kifuta jasho ni nini?

Maneno kifuta jasho na kifuta machozi huwachanganya wengi. Kanuni zake za mwaka 2011 zinahusu wanyamapori wakali: tembo akila shamba, simba akiua ng'ombe au mtu. Ukame haumo. Na hata hapo, kinachotolewa ni pole, si thamani kamili ya mali.

Mbona Longido walipewa ng'ombe?

Ni kweli. Baada ya ukame wa 2008/2009, Serikali iliwapa ng'ombe wa kuanzia upya wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro waliopoteza mifugo yote. Huo ulikuwa uamuzi wa wakati ule kwa wilaya zile tatu. Haukuwa sheria ya kudumu kwa kila wilaya.

Kwa wenzetu ikoje?

Kenya ilianza mwaka 2015 bima ya mifugo, kwanza Turkana na Wajir. Serikali ililipia kila kaya iliyochaguliwa bima ya ng'ombe watano, au mbuzi na kondoo wa kiasi hicho. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango, watu hulipwa. Februari 2017, zaidi ya kaya 12,000 zililipwa jumla ya shilingi milioni 214 za Kenya. Marekani nayo huwalipa wafugaji kwa kufuata ramani ya ukame.

Kote kuwili hakuna anayehesabu mizoga. Pesa hutolewa kwa sababu nyasi zimekauka, ili mfugaji anunue chakula na maji wakati ng'ombe bado yuko hai. Msaada unaokuja baada ya zizi kubaki tupu huwa umechelewa.

Hapa kwetu ufanye nini?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia kijiji hadi Taifa. Habari ya ukame ianzie kijijini:

- Hakikisha idadi ya mifugo yako imeandikwa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kiangazi.
- Malisho yakianza kuisha, toeni taarifa kwa maandishi kwa mwenyekiti, mtendaji na ofisa mifugo wa kata. Bakini na nakala yenye tarehe na mhuri.
- Punguza mifugo mapema. Ng'ombe anayetembea mwenyewe hadi mnadani ana bei. Wa kunyanyuliwa hana.
- Hifadhi mabua ya mahindi baada ya mavuno, na tengeni eneo la malisho ya ndama na wanyama dhaifu.

Mtu akikupigia simu akitaka pesa ili akuandikishe ulipwe fidia ya malisho, usitume. Muulize kwanza mtendaji wako.