C Imejaa na D Iko Tupu? Chagua CD Laivu Hivi

Msee wa Kisauni amechukua lapi ya ex-UK, mwezi haujaisha C imejaa, D imelala tupu. Windows ikiwa inafanya kazi haiwezi kujisogeza yenyewe. Ni kama kukalafati dau ukiwa bado umelipanda. CD laivu inawaka kutoka kwa CD ama flashi, inakaa kwa RAM, diski inabaki huru kuguswa.

Anza na GParted Live. Ni ndogo, haimalizi bando, na kazi yake ni patisheni tu. Kama patisheni ilifutwa, beba SystemRescue: iko na GParted ndani, pamoja na TestDisk ya kutafuta zilizopotea. Ubuntu pia itasaidia, lakini 24.04 inapita GB 5. Hiyo bando si afadhali uangalie mechi?

Zima Windows ukishika Shift, juu Fast Startup huacha patisheni nusu usingizi na GParted inakataa kuigusa. BitLocker nayo izime kwanza. Halafu punguza D kutoka kushoto, upande unaopakana na C. Ukipunguza kulia, nafasi haifiki C. Hapo ndo wengi hukwama.

Kusogeza D kunaweza kula masaa. Stima ikipotea katikati na betri imechoka, picha na project za chuo zimeenda. Kopi kila kitu kwa hadi nyingine kabla ubonyeze Apply.

Menyu ya kuwashia: HP ni Esc kisha F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12.